Mchezo Ukishaanza Tena

Jumamosi, 30 Septemba 2023. Tottenham na Liverpool. Saa moja na nusu usiku, banda la mpira nyuma ya hosteli, bob 50 mlangoni, benchi za mbao ambazo ukikaa vibaya unaondoka na kibanzi kwa suruali. Mimi ni wa Arsenal, kwa hivyo siku hiyo sikuwa na timu. Nilikuwa nimeenda kuombea zote mbili zipigwe, na kama unajua mpira unajua hiyo maombi haina jibu.

Dakika ya 26 Curtis Jones wa Liverpool akatolewa. Refa, Simon Hooper, alikuwa amempa njano kwanza, akaitwa kwa ile skrini ya kando ya uwanja, akarudi na nyekundu. Wasee wa Liverpool wakaanza kuimba kwamba wameibiwa. Sisi wengine tukacheka. Dakika ya 34, bado ni 0-0, Mohamed Salah akampenyezea Luis Díaz mpira, Díaz akaweka ndani. Kibendera kikapanda. Ameotea.

Marudio yakaonyeshwa. Hata mimi niliyekuwa nimekaa nyuma ya jamaa mrefu mwenye kofia niliona kuna shida. Kwa macho tu, Díaz alikuwa sawa.

"Tulieni, VAR inakuja," mtu akasema huko mbele.

Tukatulia. Spurs wakapiga mpira wao wa adhabu, mchezo ukaendelea kama hakuna kitu. Dakika mbili baadaye Son Heung-min akafunga. Cody Gakpo akasawazisha kabla ya mapumziko, Diogo Jota akala nyekundu ya pili ya Liverpool, na dakika ya 96, wakiwa wamebaki tisa, Joel Matip akajifunga. 2-1. Banda lilipasuka. Nilicheka mpaka nikatoa machozi, sitadanganya.

Nimeandika hii kwa sababu kuna vile nilicheka, na kuna vile hiyo mechi ilinirudia siku tano baadaye nikiwa nimesimama mbele ya meza ya ofisi fulani. Sijawahi kuiangalia vile tena.

Kwanza tuelewane kuhusu kilichotokea, kwa sababu watu wengi mtaani bado wanasema "VAR ilikosea laini." Hapana. Laini ilikuwa sawa. Mashine ilifanya kazi yake.

Usiku uleule PGMOL, shirika linalosimamia marefa wa ligi ya Uingereza, lilikiri kwamba kulikuwa na kosa kubwa la kibinadamu. Jumanne, tarehe 3 Oktoba, likatoa sauti ya mazungumzo ya chumba cha VAR. Kama hujawahi kusikiliza, tafuta, ni fupi. VAR siku hiyo alikuwa Darren England, msaidizi wake Dan Cook. Wanachora laini, laini inaonyesha Díaz hajaotea. Poa. Tatizo ni kwamba England alikuwa anaamini uwanjani bao limekubaliwa. Kwa hivyo anamwambia refa ukaguzi umekamilika, mambo ni sawa. Yeye anamaanisha bao ni halali. Hooper, ambaye uwanjani amekataa bao, anasikia kwamba uamuzi wake wa kukataa ndio halali. Neno ni moja, kila mtu amelichukua na maana yake.

Sasa hapa ndipo roho inauma. Mtu wa kwanza kushtuka si refa. Ni yule fundi wa kuendesha marudio. Anawauliza kama wameridhika, kwa sababu uamuzi wa uwanjani ulikuwa ni kuotea. Unasikia chumba kizima kikigundua. Mwingine anawaambia wacheleweshe mchezo, wausimamishe. Na England anajibu kwamba hawezi kufanya kitu. Anarudia. Hawezi kufanya kitu.

Alikuwa anasema ukweli wa sheria. Itifaki ya VAR iko wazi: mpira ukishasimama na mchezo ukaanza tena, refa haruhusiwi kurudi nyuma kukagua, isipokuwa kama amemwadhibu mchezaji asiye, ama kuna kosa la kadi nyekundu kama kupigana, kutema mate au kuuma. Bao lililokataliwa kwa bahati mbaya halimo kwa hiyo orodha. Spurs walikuwa wameshapiga ule mpira. Sekunde chache tu, lakini wameshapiga. Kwa hivyo kulikuwa na chumba kimejaa watu wanaojua ukweli, na uwanja uliojaa watu wanaohitaji ukweli huo, na katikati kuna sheria inasema mmechelewa.

Niliisikiliza hiyo sauti nikiwa kwa matatu, mara tatu mfululizo. Alhamisi yake nikaenda ofisini.

Nilikuwa mwaka wa pili. Tangu Agosti nilikuwa nazungushwa kuhusu somo moja la takwimu la mwaka wa kwanza. Kila komredi anayesoma hii anajua ninachotaka kusema kabla sijasema. Unafungua matokeo kwa simu, masomo yote yana alama, moja lina kistari. Maksi zimepotea. Si kwamba umefeli, kufeli kuna namba. Ni kama hukuwahi kuingia chumba cha mtihani.

Na mimi niliingia. Nakumbuka mpaka nilikaa wapi, dirishani, jua linanipiga shavu la kushoto. Nilisaini karatasi ya mahudhurio, nikakabidhi kijitabu cha majibu, msimamizi akaweka sahihi kwa kadi yangu ya mtihani. Mhadhiri alikuwa wa muda, mkataba wake uliisha, akaenda. Simu yake ilikuwa inaita bila kushikwa, halafu ikaacha kuita.

Mama wa ofisi ile hakuwa mtu mbaya. Hii napenda kuisema kwa sababu tukisimulia hizi hadithi huwa tunapenda kuweka adui. Alinikaribisha kiti. Akatoa faili, akapekua, akapata karatasi ya mahudhurio ya siku ile. Akaweka kidole juu ya jina langu.

"Kijana, mtihani ulifanya. Sahihi yako si hii?"

"Ni yangu."

"Naiona. Hata ningekuwa mimi ningekasirika." Akafunga faili. "Lakini matokeo ya mwaka huo yalishapitishwa. Sistimu imefungwa. Itabidi urudie hilo somo, na ulipie."

Nikamwomba basi aniandikie tu. Barua, hata mistari miwili, kwamba mtihani nilifanya na karatasi imepotea upande wao. Akaniangalia kwa huruma, akasema barua kama hiyo hawezi kutoa. Hawezi kufanya kitu.

Nilitoka nikakaa kwa ngazi. Nilichokuwa nasikia kichwani ni ile sauti ya VAR.

Wacha niwe mkweli kabla mtu hajaanza kunihurumia. Sikuacha chuo kwa sababu ya maksi peke yake. Nilikuwa na salio la karo, mkopo wa HELB haukuwa unatosha, na nilikuwa nimeanza kupata vipesa vidogo kwa video zangu na kujidanganya kwamba kesho ni mimi. Maksi zilikuwa tu kile kitu kilichonipa ruhusa ya kukata tamaa. Mwaka wa 2024 ulipofika katikati nilikuwa nimeshabeba godoro nikarudi nyumbani Kayole.

Ni kama Liverpool tu. Msimu ule walimaliza wa tatu na pointi 82, City wakachukua kombe na 91. Wape zile pointi 3 zote za Spurs, bado hawafiki. Ukitaka kusema "Díaz angepewa bao tungekuwa mabingwa", hesabu inakukataa. Lakini ukitaka kusema kwamba kwa hivyo halikuwa kosa, hesabu haikusaidii pia. Mtu anaweza kuwa angepoteza hata hivyo, na bado awe ameibiwa.

Sasa rudi nyuma kidogo na mimi, kwa sababu hii kitu ina historia na inafurahisha kwa njia mbaya.

Kombe la Dunia 2010, Afrika Kusini. Nilikuwa darasa la pili. Ninachokumbuka vizuri ni vuvuzela na mjomba wangu akirusha ndara kwa ukuta tarehe 27 Juni, Frank Lampard alipopiga ule mpira ukagonga mwamba, ukaanguka ndani ya goli la Ujerumani, ukatoka, na refa akasema twende. Pale Bloemfontein England walipigwa 4-1, na ile hasira ndiyo ilisukuma teknolojia ya mstari wa goli, ambayo ilikubaliwa 2012 na kutumika Kombe la Dunia la 2014.

Lakini siku hiyohiyo, usiku, kulikuwa na mechi nyingine ambayo watu hawaiongelei sana. Argentina na Mexico, Soccer City, Johannesburg. Carlos Tevez akafunga bao la kwanza akiwa ameotea waziwazi. Bao likakubaliwa. Halafu skrini kubwa ya uwanja ikaonyesha marudio. Uwanja mzima ukaona. Wachezaji wa Mexico wakamzunguka msaidizi wa refa wakimwonyesha skrini: si hiyo, angalia! Refa Mwitaliano, Roberto Rosetti, akaenda kuongea na msaidizi wake. Dunia nzima ilikuwa inajua. Na sheria za wakati huo hazikumruhusu refa kutumia picha. Bao likasimama, Argentina wakashinda 3-1.

Rosetti ndiye baadaye alikuja kuongoza mradi wa VAR wa FIFA kuelekea Kombe la Dunia la 2018, la kwanza kutumia VAR. Unaona? Hii mashine ililetwa hasa ili refa asisimame tena mbele ya ukweli akiwa amefungwa mikono. Haikuletwa kumaliza makosa. Ilianza ikiingilia mambo manne tu: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kumwadhibu mchezaji asiye. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango wa kurudi. Miaka 13 baada ya Johannesburg, mlango ule ukafungwa tena pale Tottenham, safari hii kutoka ndani ya chumba chenyewe cha VAR.

Ndiyo maana watu wanaponiambia "toeni VAR tu, mpira urudi vile ulikuwa," huwa nawauliza urudi wapi. Kwa Lampard? Juni 2024 Wolves walipeleka hoja ya kuitoa ligi ya Uingereza, vilabu vikapiga kura, 19 kwa 1. Hata Liverpool hawakupiga kura ya kuitoa. Wenye uchungu zaidi walibaki nayo.

Mpaka hapa mimi ndiye Díaz wa hii hadithi, na nimejipaka mafuta vizuri. Sasa wacha niwaambie ile sehemu ambayo siipendi.

Desemba 2024 kulikuwa na shindano la mtaa. Mnajua haya ya Krismasi: timu nane, uwanja wa vumbi, zawadi ni mbuzi na seti ya jezi. Refa wa fainali hakutokea. Kwa vile mimi ndiye naongeanga sana juu ya sheria za mpira huko mtandaoni, nikapewa filimbi na soo tatu. Nikaona content hii hapa. Nikamwambia rafiki yangu anishikie simu nyuma ya goli arekodi.

Magoli hayakuwa na nyavu. Kama hujawahi kuchezesha mpira kwa goli lisilo na nyavu, hujui maisha. Dakika ya ishirini na kitu, straika anapiga shuti ya chini, kali, mpira unapita karibu na mlingoti. Kipa hata haruki. Anaangalia tu mpira ukipita. Timu iliyopiga inalipuka na shangwe, mashabiki wanaingia uwanjani, vumbi kila mahali. Nilikuwa mbali. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimeachwa nyuma na mpira. Niliangalia zile shangwe, nikaonyesha katikati ya uwanja. Bao.

Kipa alikuja mbio akiniambia, "Refa, imetoka nje. Imetoka nje, aki ya Mungu." Kijana wa kidato cha tatu hivi. Nikamwonyesha kwa mkono arudi golini, vile marefa wa televisheni hufanya. Nilijisikia poa hata.

Mapumziko nikachukua simu nione kama klipu imetoka safi. Ilikuwa imetoka safi kabisa. Mpira ulipita nje ya mlingoti, kama upana wa kiatu. Kipa hakuruka kwa sababu alijua unatoka. Alikuwa ameusoma vizuri kuliko sisi wote pale.

Sheria ya tano inasema refa hawezi kubadilisha uamuzi mchezo ukishaanza tena. Naijua. Niliitafsiri hata kwa video moja. Kwa hivyo nilijiambia: hata nikitaka, siwezi kufanya kitu. Na ni kweli, singeweza kufuta bao. Lakini hakuna sheria mahali popote iliyonikataza kumwendea yule kijana na kocha wake nikasema, nimeona, nilikosea. Sheria ilinikataza kubadilisha matokeo, haikunikataza kuongea. Mimi nikajifanya ni kitu kimoja, kwa sababu wenye bao walikuwa wengi, walikuwa na furaha, na mbuzi alikuwa amefungwa pale kwa mti akitungoja.

Mechi iliisha 1-0. Mbuzi akaliwa usiku uleule.

Na hii ndiyo sikujua: yule kipa alilaumiwa. Wachezaji wenzake walikuwa mbali kama mimi, waliona tu mpira unapita na kipa wao amesimama. Walisema alilala. Mpaka mwaka mpya mtaa mzima ulikuwa unamwita Usingizi. Ukipita kwa kinyozi, "Usingizi, niaje?" Watoto wadogo wakimwona wanalaza vichwa kwa mikono. Na klipu iko kwa simu yangu. Sikuiweka kwa ukurasa wangu. Video zingine zote za siku hiyo niliweka, mpaka ya mbuzi.

Hapo ndipo nilimwelewa yule mama wa ofisi kuliko nilivyotaka. Mtu hahitaji kuwa mwizi ndiyo akunyime haki. Anahitaji tu kujua kwamba kuongea ni kujiletea kazi, na kuwe na sheria karibu ya kujifunika.

Nilikaa nayo wiki mbili na nusu. Januari nikamwendea pale anaosha magari siku za likizo. Nikamwonyesha klipu. Akaiangalia mara moja tu, akanirudishia simu mkono ukiwa bado na povu.

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Wao ndio hawajui."

Nikamwambia pole. Akauliza, "Sasa mbuzi?" Tukacheka, yeye kidogo, mimi zaidi kuliko ilivyofaa. Halafu akasema kitu kimoja: "Weka tu mtandaoni. Mbuzi wakae nayo."

Nikaiweka, na maelezo yangu yote, kwamba niliona wakati wa mapumziko na nikanyamaza. Nilitukanwa vizuri. Waliopoteza walitaka mbuzi wao, walioshinda wakasema naharibu ushindi wao, na mmoja akanikumbusha kwamba chuo pia nilishindwa. Matokeo hayakubadilika. Kuna wasee bado wanamwita Usingizi mpaka leo kwa mazoea. Lakini msimu uliofuata timu yake ilimrudisha golini. Kocha aliniambia yeye mwenyewe kwamba alikuwa ameshatafuta kipa mwingine.

Sasa nikirudi kwa VAR. Agosti 2025 CHAN ilikuja kwetu, na Kasarani tukaona VAR kwa macho, refa akienda kwa skrini, uwanja mzima ukishika pumzi. Tulipiga Morocco 1-0 na watu kumi, bao la Ryan Ogam. Tangu hapo kila wikendi refa wa ligi yetu akikosea kuna mtu anasema tunahitaji VAR. Sikatai. Lakini kamera ni ghali na itachukua muda, na Tottenham ilionyesha kwamba unaweza kuwa na kamera zote na laini imechorwa sawa na bado bao likapotea kwa sababu watu wawili hawakuelewana. Kuna kitu cha bei rahisi ambacho tungeanza nacho kesho asubuhi: refa aliyekosea aseme hadharani nini alichoona, nini alichokosea, na nani asilaumiwe.

Wenzetu wameanza. Kombe la Dunia la wanawake 2023, refa alikuwa anafungua maikrofoni na kuambia uwanja mzima ameamua nini baada ya VAR. England mara ya kwanza kufanya hivyo ilikuwa 8 Januari 2025, nusu fainali ya Kombe la Carabao, bao la Dominic Solanke likakataliwa na refa Stuart Attwell akatangaza kwa maiki kwamba alikuwa ameotea. Mechi ilikuwa ipi? Tottenham na Liverpool. Uwanja uleule. Ukiandika filamu hivyo watu watakwambia umezidisha.

Sheria ya kutorudi nyuma naielewa, na sitaki ifutwe. Tukikubali kurudi kila wakati hakuna mechi itaisha, na hakuna chuo kitafunga mwaka. Kuna mahali lazima useme basi. Lakini "hatuwezi kubadilisha" na "hatutasema" ni vitu viwili. PGMOL hawakurudia mechi, ingawa Jürgen Klopp alisema hadharani alitaka irudiwe. Walichofanya ni kukiri usiku uleule na kutoa sauti. Kuna watu waliona hiyo ni kidogo sana. Mimi naona ni kitu ambacho nimekitafuta kwa ofisi moja tangu 2023 na sijapewa.

Kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo huwa siweki kwa video. Mathe hakuamini. Yeye ni fundi wa nguo, alishona sare za shule tatu kunilipia ule mwaka wa kwanza. Nilipomwambia maksi zimepotea, aliendelea kukanyaga cherehani, halafu akauliza polepole, "Zinapoteaje?" Mjomba wangu, yule wa ndara, alimwambia chuo hakipotezi mtihani wa mtu aliyeufanya. Nyumbani jibu likawa hilo. Hawakunigombeza hata. Walinyamaza tu, na mimi nikawa yule aliyelala golini.

Sihitaji tena hizo maksi. Sijui kama nitarudi chuo, nikirudi nitalipa na nitarudia somo, yaishe. Lakini ile karatasi ya mahudhurio iko kwa faili, naamini bado iko, na sahihi yangu iko juu yake. Mwezi huu nimepanga kurudi pale. Sitaenda na kelele. Nitaenda na kadi yangu ya mtihani, nimwombe yule mama, ama yeyote atakayekuwa amekaa hapo, mistari miwili tu: kwamba tarehe fulani nilikuwepo, nikaandika, nikakabidhi. Wakikataa nitaomba nipige picha ile karatasi na simu.

Halafu nimpelekee mathe aisome mwenyewe.